Kijana wa jeshi anayekwenda kuokoa ng'ambo ajue kisima kwanza

Mhariri,

Maafa yakitokea nchi za mbali, hazikosekani barua za kutaka vijana wa jeshi letu na wa Huduma ya Vijana kwa Taifa wajitolee kwenda kusaidia. Hatuna ugomvi na wazo hilo. Ugomvi wetu, sisi mafundi wa visima na mabomba wa Lamu, ni na picha inayoandamana nalo: kijana mwenye kofia ngumu anamchomoa mtu chini ya kifusi, kamera zinamulika. Kazi hiyo ipo, ila ni ya saa chache na ina wenyewe. Wengi wanaotoka hai chini ya nyumba zilizoanguka hutolewa na majirani zao, kwa mikono na majembe, siku ile ile ya kwanza. Mgeni anayefaa hapo ni kikosi kilichofunzwa kazi hiyo hasa, chenye mbwa na vyombo vyake, kama wale wanajeshi wa Israeli waliokuja Nairobi baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998. Kijana wa kawaida wa kujitolea, anayeshuka kwenye meli au ndege siku ya tatu au ya nne, hukuta jambo jingine kabisa: maelfu ya watu walio hai, wamekaa uwanjani, na maji hawana. Hapo ndipo atakapofaa, au atakapokuwa mzigo juu ya mizigo.

Tuanze na hesabu. Viwango vya misaada vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi duniani, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na kujisafisha. Kambi ya watu 5,000 basi ni lita 75,000, yaani tani 75, kila siku ya Mungu. Helikopta ya kadiri hubeba tani mbili au tatu kwa safari moja. Ukitaka kuwanywesha watu hao kwa maji ya chupa unahitaji safari 25 au zaidi kwa siku, na bado hujabeba mchele, wala hema, wala mgonjwa. Chupa ni za siku mbili tatu za mwanzo tu. Sasa chukua maji ya mto au ya kisima yaliyo karibu na kambi. Yakiwa yametulia, mara nyingi hutaka miligramu mbili hivi za klorini kwa kila lita. Kwa lita 75,000 ni gramu 150 za klorini, na kwa ule unga wenye nguvu ya asilimia 70 ni kama gramu 214. Robo kilo haifiki! Pipa moja la kilo 45 linaitosheleza kambi hiyo kwa zaidi ya miezi sita. Kijana mwenye pipa hilo, mizani ndogo na kipimo cha rangi cha klorini ameziachilia helikopta zifanye kazi nyingine.

Lakini klorini haikisiwi kwa macho. Kwanza unatengeneza maji ya dawa ya asilimia moja: gramu 15 za unga ndani ya lita moja. Halafu unapanga ndoo nne za lita 20, zote zimejazwa maji yale yale ya kambi. Ya kwanza unaitia mililita 2 za maji ya dawa, ya pili 4, ya tatu 6, ya nne 8. Koroga, funika, subiri dakika 30 kamili, kisha pima kila ndoo. Ile inayobakisha kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita ndiyo kipimo chako. Ikiwa ni ndoo ya mililita 4, tangi la lita 10,000 litataka lita mbili za maji ya dawa. Ndoo zote nne zikisoma sufuri, kosa la kawaida ni kuongeza klorini, na kuongeza tena, mpaka maji yananuka na watu wanayakataa wanarudi mtoni. Tatizo huwa ni tope. Tope hula klorini na kuficha vijidudu, kwa hiyo maji yapitishwe kwanza kwenye shabu, ile ile ambayo wengi wetu huiona dukani: ikorogwe kwa nguvu dakika moja, kisha polepole, kisha iachwe itue hadi tope likae chini, yachotwe ya juu. Kiasi cha shabu nacho kinatafutwa kwa ndoo nne vivyo hivyo.

Unga wenyewe una tabia zake. Unatiwa unga ndani ya maji, si maji juu ya unga, la sivyo unaruka usoni. Hauwekwi chumba kimoja na dizeli, petroli au mafuta ya mashine, kwa kuwa ukigusana nayo unaweza kuwaka wenyewe. Na kwenye kambi ya jeshi bohari ya mafuta na bohari ya dawa huwa jirani kwa sababu mlinzi ni mmoja. Pipa likishafunguliwa katika joto na unyevu wa pwani, nguvu hupungua. Kwenye karatasi bado limeandikwa 70, ndani pengine limebaki 40. Ndiyo maana ile hesabu ya ndoo inarudiwa kila pipa jipya linapofunguliwa na kila mvua inapobadilisha rangi ya mto.

Na jambo dogo, ila litamtia kijana aibu. Nyumba nyingi za kale za Lamu, na misikiti, zina birika za maji za kujengwa zenye visamaki ndani. Vile visamaki vinakula viluwiluwi vya mbu. Mgeni anayepita nyumba kwa nyumba na chupa ya klorini atawaua wote kwa asubuhi moja, na baada ya wiki mtaa mzima una mbu. Kila nchi ina birika zake za namna hii, za jina jingine. Aulizwe mwenye nyumba kwanza.

Sasa tuje kwenye visima vya pwani, kwani hapa ndipo wageni wenye nia njema walipoharibu zaidi. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Disemba 2004, visima vifupi vya Sri Lanka vilijaa maji ya bahari. Wakaja watu wa misaada na pampu wakavikausha, vikajaa tena chumvi, wakavikausha tena. Uchunguzi uliofanywa baadaye mashariki ya nchi hiyo, upande wa Batticaloa, haukuona kwamba visima vilivyopigwa pampu mara kwa mara vilipona haraka kuliko vilivyoachwa. Kilichovisafisha hasa ni mvua.

Mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa sababu mara mbili. Chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo mji wa Lamu unavitegemea kwa maji, na ambavyo wenye pesa hawaachi kuvikodolea macho, maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kanuni inayotumika ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 chini yake. Ukiyashusha ya juu kwa kuyavuta kwa pupa, ya chumvi hupanda kutoka chini, na yakishapanda hayashuki wiki ijayo. Ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, kugeuka kwa maji kuwa ya chumvi ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji wa Takwa kuhamwa.

Tazama hesabu ya kisima kimoja. Kisima chenye upana wa mita moja na maji ya kina cha mita mbili kina kama lita 1,570. Pampu ya petroli ya inchi tatu, ambayo ndiyo hupakiwa kwenye meli za misaada, hutoa hadi lita 1,000 kwa dakika. Kisima kinakauka kabla kijana hajamaliza kupigwa picha. Maji yaliyo nje ya ukuta bado yanausukuma, ndani hakuna kinachousukuma nyuma, na kama ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, au mchanga mtupu, unaanguka. Umekuja na kisima kichafu kimoja, unaondoka na shimo.

Njia inayofaa ni ya taratibu na haina fahari. Kwanza pima chumvi kwa kipimo cha umeme wa maji. Maji ya bahari husoma kama 50,000 (mikrosimensi kwa sentimita), maji mazuri ya kunywa hayafiki 1,500. Andika namba hiyo kwa chaki ukutani na tarehe yake. Ondoa takataka, mizoga na matope ya chini kwa ndoo na kamba. Kama lazima upige pampu, tumia ndogo, vuta nusu, acha kisima kijae, pima tena. Namba ikipanda baada ya kuvuta badala ya kushuka, simama hapo hapo. Sugua ukuta kwa brashi. Kisha tia klorini ya nguvu, miligramu 50 kwa lita, ambayo kwa kisima chetu cha mfano ni kama gramu 110 za unga ulioyeyushwa kwanza kwenye ndoo, acha usiku mzima, toa maji kidogo kidogo mpaka kipimo kishuke chini ya 0.5. Namba ya chumvi isiposhuka, kisima kinabaki cha kufulia na kuoshea vyombo, na maji ya kunywa yanatafutwa kwingine huku mvua ikisubiriwa.

Kuna jambo moja hapa linaloua, na linaua wasaidizi wenyewe. Pampu iliyo juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji yaliyo kwenye kina cha zaidi ya mita saba hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani. Kijana asiyejua hilo huona pampu inalia bila kutoa maji, akaamua kuiteremsha kisimani ikaribie. Moshi wa injini hautoki humo. Anayeshuka kuizima analegea na kuanguka, wa pili anashuka kumtoa, naye haamki. Mshumaa wa kujaribia hewa hausaidii kwa moshi huo, maana unaweza kuendelea kuwaka katika hewa inayomuua mtu. Injini isiingie kisimani kabisa, na hakuna anayeshuka bila kamba kiunoni na watu wawili juu.

Baada ya maji ni vyoo, na hapa kuna kisa ambacho kila kijana wa jeshi angepaswa kukisoma kabla ya kupewa pasi ya kusafiria. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haiti, Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko la ardhi, mambo yalikuwa kinyume. Kinyesi kutoka kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais kiliingia kwenye kijito kinachomwaga maji yake mto Artibonite. Kipindupindu kikaenea nchi ambayo haikuwa nacho, watu zaidi ya 800,000 wakaugua na karibu 10,000 wakafa. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti Disemba 2016, miaka sita baadaye. Wale hawakuwa vijana wa kujitolea, walikuwa askari wa zamu. Kijidudu hakiulizi.

Kwa hiyo kikosi kinachokwenda kijichimbie vyoo vyake siku ya kwanza, kabla ya kuchimbia wengine. Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na chini ya shimo kubaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Kwa wenyeji, mwanzoni choo kimoja kwa watu 50, halafu kimoja kwa watu 20, na vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, vyenye komeo kwa ndani na taa. Mchangani shimo linabomoka usiku wa kwanza; linashikiliwa kwa mapipa yaliyotobolewa au magunia ya mchanga. Pale ambapo maji ya ardhini yako karibu, kama Beira, Msumbiji, hakuna kuchimba. Choo kinainuliwa juu ya jukwaa na kinyesi kinaingia kwenye pipa au tangi la kuhamishwa. Kimbunga Idai kilipiga Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019. Meli tatu za India zilizokuwa safarini ziligeuzwa na zikawa miongoni mwa za kwanza kufika. Pamoja na msaada wote huo, tarehe 27 ya mwezi ule ule kipindupindu kilithibitishwa. Siku kumi na tatu. Huo ndio muda alio nao kijana wetu.

Tangi la maji nalo lisiwekwe ovyo. Lita 10,000 ni tani kumi. Likikaa juu ya magunia ya mchanga ambayo hayakushindiliwa, linazama upande mmoja, bomba linakatika kwenye kiungo, na kambi inaamka haina maji. Mfereji mmoja ni wa watu 250, kwa hiyo watu wetu 5,000 wanataka mifereji 20, na foleni isizidi nusu saa. Ikizidi, watoto hutumwa mtoni.

Kuhusu mizigo tuseme machache. Meli ya kivita ya Marekani USS Abraham Lincoln ilipotia nanga karibu na Aceh, Indonesia, mwanzoni mwa Januari 2005, baada ya tsunami ile ile, barabara ya pwani ya magharibi ilikuwa haina madaraja na vijiji vilifikiwa kwa helikopta tu. Mabaharia vijana walijitolea kwa zamu kwenda uwanja wa ndege wa Banda Aceh kupanga mstari na kupakia maboksi kwa mkono. Melini maji matamu yalikuwa tele, mitambo yake huyatengeneza kutoka baharini. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikisha pwani. Mafundi wa meli wakaunga bomba lenye matawi mengi ili mitungi mingi ijazwe kwa pamoja. Hiyo ndiyo kazi tunayoisifu, kuliko picha zote za marubani. Tarehe 4 Januari ndege ya mizigo iligonga mnyama wa kufugwa kwenye njia ya kurukia, na kwa kuwa njia ilikuwa moja, ndege nyingine zikasimama kwa saa nyingi. Vijana kumi wa kulinda uzio siku ile wangekuwa na thamani kuliko tani kumi za biskuti.

Helikopta ikitua, mabati na maturubai yasiyofungwa huruka kama visu. Uwanja wa kutulia ufagiwe, watu wazuiwe kwa kamba, na anayeisogelea apite mbele au ubavuni anakoonwa na rubani, kamwe si mkiani. Buti ziwe na soli ngumu na chanjo ya pepopunda iwe imechanjwa kabla: Aceh walihesabiwa wagonjwa 106 wa pepopunda baada ya tsunami, 20 wakafariki, na mlango wa ugonjwa ulikuwa misumari na mabati yale yale. Maiti za waliokufa kwa mafuriko au tetemeko hazileti mlipuko wa maradhi. Kuzimwagia chokaa na kuzisukumia shimoni kwa katapila ni kuwadhulumu jamaa tu. Kila maiti ipigwe picha, ipewe namba, na izikwe kwa safu inayoweza kutambulika kesho.

Mwongozo wa Oslo wa 1994 unasema jeshi la kigeni litumiwe pale tu ambapo hakuna raia anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa wakati, tena kwa ombi la nchi yenyewe, chini ya uongozi wa raia, na bila malipo. Indonesia iliwapa askari wa kigeni miezi mitatu, mwisho tarehe 26 Machi 2005. Tunaona ilifanya sawa. Kikosi kiondoke kimeacha fundi wa mtaa anayejua hesabu ya ndoo nne, na vipuri vinavyopatikana katika soko la pale. Pampu ambayo plagi yake inauzwa Ulaya pekee isishushwe melini.

Ombi letu kwa wakubwa wa jeshi na wa huduma ya vijana ni jepesi kulitimiza. Kabla ya kikosi chochote cha kujitolea kutumwa, kiletwe huku wiki mbili. Shela kuna visima vya mchangani vya kupimia chumvi asubuhi na jioni. Pate na Ndau kuna jabia za kukinga mvua zenye nyufa, na kuziziba ni somo tosha la saruji na mteremko. Manda kuna joto, kiu na umbali wa kutosha kumfunza mtu uzito wa mtungi wa lita 20. Kila kijana aondoke na kipimo cha klorini, kipimo cha chumvi, mizani ya gramu, bomba la sindano la mililita 10, mita 30 za kamba, chaki na daftari, vyote ndani ya begi lake mwenyewe, kwa sababu kontena huchelewa bandarini.

Mafundi wa visima na mabomba,
Langoni, Lamu